Barua ya wazi kwa Mkurugenzi wa makumbusho: bati la babu linanuka siki

Kwa Ndugu Mkurugenzi, na waheshimiwa wajumbe wa Bodi,

Assalaam aleikum, na kwa wasioitikia hivyo, habari za kazi.

YAH: PICHA ZA BANDARI NA FUKWE ZILIZOPIGWA NA KARANI WA MELI, MLIZOKABIDHIWA NA FAMILIA YETU

Husikeni na kichwa cha habari hapo juu.

Jina la makumbusho sikuliandika na mji sikuutaja, kwa sababu nia yangu si kuwavunjia heshima. Mnajijua. Barua zangu tatu mnazo, kila moja imegongwa muhuri wa kupokelewa, na nakala ziko kwangu ndani ya bahasha ya kaki. Ya kwanza nilijibiwa kwa mdomo pale mapokezi kwamba faili limepanda juu. Ya pili nikaambiwa mkuu wa kitengo yuko semina. Ya tatu niliombwa niache namba ya simu, nikaacha, na tangu siku hiyo nalala na simu chini ya mto. Kwetu mtu hupiga hodi mara tatu, asipoitikiwa huondoka, hata kama anasikia watu wanaongea ndani. Basi nimeondoka mlangoni. Nimekuja barazani.

Kwa wasomaji wasiojua kisa, nieleze kidogo. Babu mzaa mama alikuwa karani wa mizigo katika meli za mwambao, zile zilizokuwa zikipanda na kushuka kati ya Lamu na Mtwara miaka ya 1950 na 1960. Kazi yake ilikuwa kuhesabu: robota za mkonge Tanga, magunia ya mbata, karafuu, boriti, abiria na kuku wao. Kwa fundi mmoja wa injini aliyekuwa akirudi kwao Goa alinunua kamera ya sanduku, Kodak Brownie, mtumba. Haikuwa na mbwembwe. Unaiegemeza kifuani, unachungulia kidirisha cha juu, unabonyeza. Roli moja ilitoa picha nane, na safari ilikuwa na bandari saba au nane, kwa hiyo babu alijiwekea sheria yake: bandari moja, picha moja. Harusi hakupiga. Wakubwa wakishuka gatini na kofia zao hakuwapiga. Alipiga gati lenyewe, ngazi zenye mwani, mashua zinazosubiri kupakuliwa, mchanga maji yakiwa yamekupwa.

Na karibu kila picha yake ina kasoro ileile. Pembeni kuna doa jeusi la mviringo, lisilo na makali. Ni kidole gumba chake. Maisha yake yote hakujua kwamba anakipitisha mbele ya lenzi, na sisi wajukuu hatukumwambia, tulikuwa tunacheka tu. Leo hiyo ndiyo saini yake.

Alipofariki, mama aliwaletea albamu tatu na bati la biskuti lililojaa negativi, zile filamu za kusafishia picha. Mlimpa karatasi ya shukrani na soda baridi. Alirudi nyumbani amefurahi, akatuambia picha za baba yake zimepata nyumba yenye kiyoyozi.

Malalamiko yangu ni haya.

1. Bati linanuka siki.

Niliruhusiwa kuingia stoo kwa dakika ishirini, mlinzi akiwa amesimama mlangoni. Bati la babu liko rafu ya chini kabisa, limeegemea ukuta unaotoa chumvi. Nilipoinua kifuniko ikanipiga harufu ya siki, kali, kama mtu kamwaga chupa nzima ya achari. Negativi za juu zimejikunja kama maganda ya mdalasini. Nilijaribu kunyoosha moja kwa ncha za vidole, ikalia krr, nikaiacha haraka.

Harufu hiyo si ya uchafu. Filamu zile ni za asetati, aina ya plastiki, na asetati ikikaa kwenye joto na unyevu huanza kuvunjika yenyewe, ikitoa asidi ileile iliyomo kwenye siki. Asidi hiyo nayo huchochea uvunjikaji, na mvuke wake huambukiza filamu za jirani zilizokuwa nzima. Kuirudisha filamu katika hali yake haiwezekani. Kinachowezekana ni kuipunguza kasi: kuzitenga zilizoanza kuoza, kuzitoa kwenye bati lililofungwa, kuziweka mahali pakavu na pa baridi, na kuzinakili kabla tabaka lenye picha halijabanduka. Hayo watunzaji wenu wanayajua kunizidi. Mmoja wao, kijana mwenye adabu sana, alininong'oneza kwamba ameshaandika ripoti mara mbili. Simlaumu huyo, na naomba msimtafute.

Kiyoyozi alichokisema mama kipo kweli, Ndugu Mkurugenzi. Kiko ofisini kwako, na kinafanya kazi vizuri.

2. Mmebandika karatasi juu ya maneno yake.

Babu alikwenda chuoni, yaani madrasa, kabla ya kwenda shule, na mkono wake wa haraka ulikuwa wa herufi za Kiarabu. Nyuma ya kila picha aliandika kwa penseli, Kiswahili kitupu kwa herufi hizo: bandari gani, upepo gani, chombo cha nani, na aliyesimama pale ni nani. Daftari lenu, kwenye safu ya maandishi, linasema: "Kiarabu, hayasomeki." Si Kiarabu, na yanasomeka. Mwalimu yeyote wa madrasa za mtaani kwetu angewasomea huku akisubiri kahawa ipoe.

Lililo baya zaidi, namba zenu za usajili zimechapwa kwenye vikaratasi vyeupe na kubandikwa kwa gundi juu ya maandishi hayohayo. Picha moja kona ya karatasi ilikuwa imebanduka. Nikaigeuzia kwenye mwanga, nikasoma kwa taabu: "...kusi limeanza, Pangani hatukuingia, mawimbi." Basi. Yaliyotangulia na yaliyofuata yako chini ya gundi.

3. Maelezo yenu yanapotosha.

Picha mliyoikuza na kuitundika ukumbini ina kibao kisemacho: "Jahazi la Waarabu, Unguja, 1930." Mwaka 1930 babu alikuwa hajazaliwa. Niliipiga kwa simu, kabla sijaambiwa kwamba ni marufuku, nikampelekea nahodha mmoja mstaafu, mzee aliyevuka themanini, ambaye siku hizi hukaa kibarazani kwake akitengeneza nyavu za wajukuu. Hakutafuta hata miwani. Aliisogeza simu mbali na uso, akakunja jicho moja.

"Nani kakwambia hili jahazi?"

"Makumbusho, babu."

"Jahazi tezi yake, huku nyuma, imekatwa, bapa. Hili tazama, nyuma limechongoka kama mbele. Bumu hili, tena la Kuweti. Na hapa si Unguja. Ule ukuta kule ni Ngomeni. Hii Bandari ya Kale, Mombasa."

Kisha akanionyesha nilichokuwa nimekitazama miaka yote bila kukiona. Foromali, ule mti unaobeba tanga, imeshushwa. Tanga limetandazwa juu ya sitaha, na watu wanne wameketi pembezoni mwake wameinamisha vichwa. Mimi nilidhani wanakula. "Wanashona tanga," mzee akasema. "Biashara imekwisha, wanangoja kusi warudi kwao. Hii mwezi wa tatu kwenda wa nne." Akanirudishia simu, akaendelea na wavu wake.

Yaani mzee aliyeishia darasa la nne, kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha kahawa, amesahihisha aina ya chombo, kilikotoka, bandari na msimu. Kibao chenu kilikuwa na mambo manne, na matatu yalikosewa wazi. Hata hao "Waarabu" tungewauliza wenyewe: kwenye bumu moja la msimu ungeweza kukuta mabaharia wa kwao Ghuba na waliopandia huku kwetu njiani.

Na si picha za babu peke yake. Mna albamu nyingine za wapiga picha wa ridhaa, za wamisionari na za mabwana shamba wa enzi za Wajerumani na Waingereza, na nyingine ni nzuri kuliko za babu, nakiri. Humo mna picha ya mbele ya Beit al-Ajaib, jumba la Sultani, yenye milingoti inayochungulia kutoka ndani ya maji, mmeiandika "Unguja, 1925 hivi." Milingoti ile ni ya Glasgow, meli ya Sultani iliyozamishwa na manowari za Waingereza tarehe 27 Agosti 1896, katika vita vile vya dakika 38 hivi. Ilibaki imesimama majini hadi mabaki ya meli yalipovunjwa na kuondolewa mwaka 1912. Picha inayoonyesha milingoti hiyo haiwezi kuwa ya 1925, hata mpiga picha aape kwa msahafu. Nyingine ya Mombasa inaonyesha daraja la kuelea la Nyali, nanyi mmeandika "kabla ya Vita vya Kwanza." Daraja lile lilifunguliwa 1931, likatumika hadi lilipojengwa hili la sasa mwaka 1980. Picha ya bandari hubeba tarehe yake tumboni. Anayejua kuisoma hahitaji kubahatisha.

Watoto wa shule wanaletwa ukumbini kwa mabasi, wanaandika madaftarini mlichokiandika kwenye vibao. Nimewaona.

4. Mnaviita mandhari vitu ambavyo ni ushahidi.

Hili ndilo linaloniuma kuliko yote, nawaomba mnivumilie.

Katika albamu ya pili kuna picha ambayo mtu wa haraka ataipita. Bahari, mawingu, na kwa mbali ardhi nyembamba yenye mstari mweusi wa miti. Kidole gumba kiko kulia. Kibao: "Mandhari ya bahari." Miti ile ni mivinje, na ardhi ile ni kisiwa cha Maziwi, nje ya Pangani.

Ukienda Maziwi leo, vijana wa Pangani au Ushongo watakupeleka kwa mashua uogelee kwenye matumbawe, kisha watakukalisha kwenye fungu la mchanga ule samaki. Maji yakijaa, fungu linafunikwa na mnaondoka. Hakuna mti hata mmoja. Lakini wazee wa Pangani wanakumbuka kisiwa chenye kivuli, na kasa waliokuwa wakipanda usiku kutaga kwa wingi kuliko sehemu nyingine yoyote ya mwambao ule. Kati ya mwishoni mwa miaka ya 1970 na mwanzoni mwa 1980 kikaliwa, kikaisha. Wapo wanaosema ni kukatwa kwa mivinje, mizizi ikaacha kushika mchanga. Wapo wanaosema bahari ilishabadili njia zake kabla ya panga kufika. Mabishano hayo yanaendelea hadi leo kwenye vijiwe vya kahawa na kwenye meza za wataalamu.

Sasa fikirini. Mtu mmoja, kwa kamera ileile, alipita mbele ya kisiwa hicho safari baada ya safari kwa miaka zaidi ya kumi. Kwa kutazama haraka tu nilihesabu picha tano zake. Ukizipanga kwa miaka utaweza kuona mstari wa miti unapungua au haupungui, mchanga unahama upande gani, kusi linakula wapi na kaskazi linarudisha wapi. Miaka yenyewe aliiandika babu nyuma, kwa penseli. Chini ya gundi yenu.

Maziwi hakiko peke yake. Pale Kunduchi bahari imekula ufukwe na majengo, watu wazima waliokwenda kuogelea huko utotoni wanaonyesha kwa kidole kule majini: hapo ndipo tulipokuwa tunacheza mpira. Dar es Salaam umejengwa ukuta wa bahari kando ya Barabara ya Barack Obama. Mhandisi anayepanga kujenga ukuta wa namna hiyo huanza kwa kuuliza: zamani maji yaliishia wapi? Ramani za zamani ni chache na zimechorwa kwa mbali. Picha ya karani aliyesimama sitahani, yenye ngazi ya gati, mnazi na nyumba ambayo bado ipo, unaweza kwenda kusimama palepale na kupima hatua. Zipo picha za namna hiyo za Kilwa, za Mikindani, za Bagamoyo, za Lamu. Zote ziko chini ya neno "mandhari."

5. Picha mmeiuza, kidole mmekikata.

Kwenye ukumbi wa hoteli moja ya kitalii, nyuma ya meza ya mapokezi, kuna picha ya bandari ya Tanga iliyokuzwa ukuta mzima: matishari yamejipanga, makuli wanapakia robota za mkonge. Chini, kwa herufi ndogo: "Picha: Makumbusho." Naijua. Nimekua naitazama kwenye albamu, na kushoto palikuwa na doa la kidole gumba. Hotelini doa halipo. Picha imepunguzwa pembeni, nadhifu kabisa.

Sitabishana nanyi kuhusu sheria ya hakimiliki na miaka yake, wala sitaki senti ya hoteli. Najua makumbusho yanahitaji pesa. Ila kuandika jina la aliyepiga picha kunagharimu wino tu.

6. Mlango.

Ili nitazame picha za babu yangu natakiwa kuwa na barua ya chuo kikuu, kitambulisho cha mtafiti, ada ya kuangalia na ada nyingine ya nakala. Mimi ni fundi cherehani. Wiki ileile niliyorudishwa, mgeni aliyefika kwa teksi aliingia asubuhi na kutoka mchana akiwa amebeba nakala. Simuonei wivu, kwa sababu mgeni akitunzwa ni sifa yetu. Nauliza tu mwenyeji ameegeshwa wapi.

Niwaambie usiku huo nilifanya nini. Nilikaa kitandani na simu yangu yenye kioo kilichopasuka, nikafungua mkusanyo wa Humphrey Winterton wa Chuo Kikuu cha Northwestern, kule Illinois, Marekani. Picha zaidi ya 7,000 za Afrika Mashariki, kuanzia miaka ya 1860 hadi 1960, bure, bila barua ya mtu. Nikafungua zile za makoloni ya Wajerumani zilizoko maktaba ya Chuo Kikuu cha Frankfurt. Nikafungua zile za Wizara ya Makoloni ya Uingereza, ambazo Hifadhi ya Taifa ya Uingereza ilianza kuzitoa mtandaoni mwaka 2011, ikawaomba watu wa huku kwetu waandike wanachokijua kuzihusu. Nilikesha. Niliuona mwambao wetu kwa jicho la afisa, la mke wa afisa, la mwindaji na la padri. Jicho la karani wa hapa hapa lilikuwa umbali wa dakika kumi kwa miguu, limefungiwa kwa kufuli.

7. Albamu ya tatu iko wapi?

Mama alikabidhi tatu. Daftari lina mbili. Nilipouliza niliambiwa labda mama alikosea kuhesabu. Mama yangu ni binti wa karani wa mizigo.

Najua mtakayojibu, na mengine nimeshajibiwa kwa mdomo, hivyo niyajibu mapema tusipotezeane muda.

Mtasema hakuna bajeti. Sikatai, na sidai mashine za Ulaya. Lakini kubandua kikaratasi, kuandika upya kwa penseli, kulihamisha bati kutoka ukuta wenye chumvi hadi rafu ya juu, kuzitenga zinazonuka na zisizonuka, hayo yanataka mikono na siku mbili. Friji moja ya kawaida, mifuko isiyopitisha unyevu, na vile vipakiti vya chembechembe vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, vitaokoa nusu ya hizo filamu wakati mkisubiri vilivyo bora. Kuhusu kuzinakili, vijana wa mtaani wanazipiga negativi kwa simu, zimewekwa juu ya kioo chenye mwanga kwa chini, kisha wanageuza weusi kuwa weupe papo hapo. Haitakuwa kazi ya kitaalamu. Itakuwa bora kuliko siki.

Mtasema mradi unakuja, mfadhili ameshaonyesha nia. Alhamdulillahi. Mfadhili huyo nimemsikia tangu mkurugenzi aliyekutangulia.

Mtasema ziko salama zaidi zikifungiwa, wazee watazishika kwa mikono yenye mafuta ya bagia. Basi chapeni nakala za kawaida, au ziwasheni ukutani kwa projekta ile mnayotumia kwenye warsha. Wazee hawataki kushika, wanataka kuona.

Mtasema, na hili aliniambia mtu wa cheo kabisa, kwamba hizi ni picha za ridhaa, za mtu asiyesomea, zina vidole, hazina hadhi ya kutunzwa kama za studio. James Augustus Grant alikuwa mwanajeshi, na picha alizopiga Unguja mwaka 1860 ni miongoni mwa za mwanzo kabisa kujulikana huku kwetu. John Kirk alikuwa daktari, kisha balozi, na kamera ilikuwa kitu cha kumpitishia jioni. Alan Villiers alikuwa baharia na mwandishi. Msimu wa 1938 na 1939 alisafiri na bumu la Kuwait hadi Unguja na hadi Rufiji kufuata boriti, na picha zake zimetunzwa kwenye makumbusho ya bahari ya Greenwich, London, kama mboni ya jicho. Hakuna aliyeuliza vyeti vyao vya upigaji picha. Kwa nini karani wa hapa aulizwe?

Na mtasema tulizitoa wenyewe kwa hiari. Ndiyo. Saini ya mama ipo, na hatudai kurudishiwa. Tuliwapa mzitunze, nasi tunauliza zinatunzwaje.

Ninayoomba si mengi. Bati lifunguliwe na negativi zitengwe mwezi huu huu, kabla masika hayajaingia na unyevu wake. Karatasi zilizobandikwa nyuma zitolewe na mtu anayejua kuzitoa bila kuivua picha ngozi, na maandishi ya babu yasomwe, yaandikwe kwa herufi za kawaida na kuwekwa kwenye daftari kwa maneno yake mwenyewe. Kabla ya kibao chochote kingine kuchapwa, waiteni wazee wa bahari: manahodha, mafundi wa vyombo, wavuvi, na kina mama waliokuwa wakisubiri gatini. Wakalieni siku tatu nne, picha moja baada ya nyingine, na kijana akiwa na kinasa sauti. Nahodha niliyemtaja yuko tayari. Jicho moja limeshaanza mtoto wa jicho. Nimemuuliza kuhusu lingine, akasema hilo bado linaona hadi Pemba.

Naomba pia siku moja kwa wiki wakazi wa mji huu waingie kutazama picha bila ada na bila barua ya chuo. Jina la babu liandikwe kila picha yake inapotumika, iwe ukumbini, hotelini au kwenye kalenda. Na nipewe jibu la maandishi, lenye saini, kuhusu albamu ya tatu. Kama imepotea, semeni imepotea, tutaitafuta pamoja. Huenda iko kabatini mwa mtu aliyeichukua kwa nia njema na kuisahau. Hayo hutokea, nami sitamuuliza mtu.

Kwa upande wangu nitaleta vitu vitatu. Mwalimu wa madrasa atakayesoma maandishi, bure. Vijana wanne wenye simu nzuri. Na birika la kahawa chungu, pamoja na kashata, kwa ajili ya wazee. Mtupe chumba tu, na kama itawezekana, hicho chenye kiyoyozi.

Nitapita mapokezi Jumatatu ya kwanza ya mwezi ujao, saa tatu asubuhi.

Wako katika ujenzi wa taifa,

Mjukuu wa karani wa mizigo

Nakala:
Mwenyekiti wa Bodi
Afisa Utamaduni wa wilaya
Kijiwe cha kahawa, nyuma ya soko la samaki
Mama (nimemsomea, ameniagiza niongeze kwamba albamu ya tatu ina jalada la kijani)